DT125R inavuta vizuri chini, juu inakufa: ni pawa valvu au nimeshaliwa hela?

BintiWaPampu (Mwanza)
Jumapili, saa 2:40 usiku

Wakuu habari za jioni. Nina Yamaha DT125R, ile ya rejeta, niliinunua mkononi mwaka jana kwa mtu aliyekuwa anahama mji. Kazi yangu ni kutengeneza pampu za mkono za visima. Wiki nzima niko Usagara na vijiji vya Misungwi, mara nyingine navuka kwenda Sengerema, na nyuma nimefunga boksi la spana na vipande vya bomba. Siyo pikipiki ya kuringia.

Shida yake ni hii. Asubuhi inawaka kiki ya pili. Ukiondoka inavuta, hata kupanda kule Bugando na boksi nyuma haisumbui. Lakini ukivuta mafuta, mshale ukifika kama elfu sita kwenye saa ya mizunguko, inagoma. Haizimi wala haikohoi. Inakuwa kama mtu aliyezibwa mdomo kwa khanga: sauti inakuwa nzito, mkono umeshafika mwisho, mwendo hauongezeki. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 za lami iliyonyooka, upepo wa ziwa uko mgongoni, gia ya sita, sikuvuka 75. Nikapitwa na Boxer yenye abiria wawili na tenga la kuku.

Moshi ni wa bluu na mwingi. Mdomo wa ekzosi unadondosha kitu cheusi kinanata kama molasi, buti langu la kulia limeharibika kwa hicho kitu. Plagi nikiifungua imeloa, nyeusi.

Nilishaipeleka gereji, jina sitaji. Wakabadilisha pistoni na ringi, 210,000 ikaondoka. Ikarudi vilevile. Nikaenda tena, sasa wanasema ni CDI, lile boksi la umeme wa plagi, niagize Dar. Nikamuuliza fundi, vipi kuhusu pawa valvu, ile inayorekebisha tundu la ekzosi? Akawasha swichi, tukasikia "vzz". Akaniambia, "Unasikia? Nzima hiyo." Akaendelea na chai yake.

Kabureta nimesafisha mwenyewe, filta ya hewa nimeosha. Naomba kujua: nitatambuaje kama ugonjwa uko kwenye pawa valvu na siyo kwingine, kabla sijatuma hela ya CDI?

---

NzengoBoda (Igoma)
Jumapili, saa 2:58 usiku

Uza hiyo dada, chukua Boxer. Spea zake utazipata mpaka kwa muuza vocha.

---

WayaMwekundu (Bukoba)
Jumapili, saa 3:25 usiku

Dada pole. Nimefanya umeme wa pikipiki muda mrefu, nikupe upande wangu.

Hiyo valvu kwenye DT125R haiendeshwi na injini moja kwa moja. Kuna kontroli boksi inahesabu mizunguko, inatuma umeme kwenye mota ndogo, na mota inavuta waya mbili zinazozungusha valvu iliyo kwenye silinda. Mizunguko ikiwa midogo valvu imefunga, ikiwa mingi inafungua. Kwa hiyo kitu cha kwanza ni betri. Injini ya DT inawaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa kabisa, ndiyo maana watu wengi wanatembea na betri mbovu mwaka mzima hawajui. Lakini mota ya valvu inaihitaji. Pima betri ikiwa imepumzika: volti 12.6 ni nzuri, ikiwa chini ya 12 usiendelee na mengine mpaka uichaji.

Cha pili ni soketi. Unyevu wa ziwa huu tunaujua. Fungua soketi ya mota, tafuta kijani kwenye pini.

Kama betri nzima, soketi safi, na mota inalia kama unavyosema, mimi nakubaliana na gereji yako. Kontroli boksi imechoka. Kwenye DT ukinunua CDI ndiyo umenunua na kontroli ya valvu, viko pamoja.

---

MzeeWaMwaloni (Kirumba)
Jumatatu, saa 12:10 asubuhi

Mwangaluka binti. Usitume hela.

Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Mwaloni tangu 1991. Mashine za nguvu farasi 15 na 40, zile za dagaa na sangara. Pikipiki za tustroki, zile zinazounguza oili pamoja na petroli, huwa naletewa kwa sababu vijana wa gereji siku hizi hawazijui, wamezaliwa wamekuta Boxer na TVS. Siwalaumu.

Kwanza uelewe hicho kitu kinafanya nini, maana ukielewa utajipima mwenyewe. Injini yako haina valvu za juu. Pistoni ndiyo mlango. Ikishuka inafunua tundu la ekzosi ubavuni mwa silinda, moshi unatoka, halafu inafunua matundu ya kuingiza. Sasa tundu la ekzosi likiwa limepanda juu sana, linafunuka mapema: injini inapenda mbio, lakini ukiondoka na mzigo inalegea. Likiwa chini, linafunuka kwa kuchelewa: ina nguvu ya kuondokea, mbio haina. Wajapani wakaweka kigogo cha chuma kilicholala juu ya tundu, kama mpini wa jembe uliochongwa upande mmoja. Kikizunguka huku kinashusha paji la tundu, kikizunguka kule kinalipandisha. Basi, ndiyo hiyo pawa valvu, hakuna uchawi.

Kwa hiyo ugonjwa una sura mbili. Ikikwama ikiwa wazi, pikipiki inaondoka kama imebeba mawe, halafu ghafla huko juu inachomoka. Ikikwama imefunga, inaondoka vizuri sana, kilima inapanda, halafu inafika mahali inaziba. Soma tena ulichoandika juu ya Bugando na daraja. Umejijibu mwenyewe.

Ila tahadhari, kuna magonjwa mengine yana sura hiyohiyo ya pili. Ekzosi ikijaa masizi ndani inaziba vilevile. Majani ya ridi, yale mepesi yanayofunga na kufungua njia ya hewa kutoka kwenye kabureta, yakivunjika ncha, huko juu haipumui, ingawa hayo mara nyingi yanakusumbua na kwenye kuwasha, na wewe unawasha kiki ya pili. Jeti kubwa ya kabureta, kile kitundu kinachopima petroli, ikiziba kidogo nayo inazuia mbio, lakini hapo plagi inakuja nyeupe kavu, yako imeloa. Kwa hiyo nimebaki na mawili, valvu au ekzosi, na wala sishangai yakiwa yote mawili.

Sasa hiyo "vzz" ya fundi wako. Nikuulize: ililia mara moja au mara mbili? Valvu nzima ukiwasha swichi inakwenda mpaka mwisho na kurudi, inajisafisha. Sauti yake ni ndefu, "vzzzz" halafu "vzzzz". Ikilia kidogo na kukata, mota imejaribu kusukuma, imekuta ukuta, kontroli ikaikatia umeme isiungue. Huyo aliyesikia sauti akasema nzima ni sawa na mtu anayesikia mlango unagongwa akasema umefunguliwa.

Fanya hivi leo jioni, huhitaji hela. Ubavuni mwa silinda kuna kifuniko kidogo, kifungue. Utaona puli yenye waya mbili. Washa swichi bila kuwasha injini, uiangalie puli kwa macho, masikio yaweke pembeni. Kisha legeza waya zote mbili, uzitoe kwenye puli, uwashe swichi tena usikilize mota ikiwa haina mzigo. Halafu shika puli kwa vidole uizungushe.

Na jambo moja: petroli unaichanganya na oili, au unaitia kavu?

---

WayaMwekundu (Bukoba)
Jumatatu, saa 2:05 asubuhi

Mzee shikamoo. Hilo la kutoa waya ni zuri, sikulitaja. Dada, ukifanya hivyo utatenganisha umeme na chuma kwa dakika tano. Mota ikizunguka kamili kwenda na kurudi bila waya, basi mota na kontroli vimepona vyote, na mimi nitakuwa nimekosea.

---

BintiWaPampu (Mwanza)
Jumatatu, saa 1:50 usiku

Shikamoo mzee. Nimerudi kazini nikaanza hata kabla ya kula.

Betri 12.5. Soketi haina kijani, ina vumbi tu.

Kifuniko kilikuwa na skrubu mbili, moja imeliwa kichwa, kwa hiyo kuna mtu alishapita hapo kabla yangu. Nikawasha swichi huku nimemulika kwa tochi ya simu. Puli ilisogea unene wa ukucha, ikarudi. Sauti ni moja tu, fupi. Nikarudia mara nne, ni ileile.

Nikatoa waya. Kuwasha swichi: "vzzzzz", kimya kidogo, "vzzzzz". Nilicheka peke yangu uani, jirani akaniuliza kuna nini.

Puli kwa vidole haisogei kabisa. Nikashika kwa koleo nikiwa nimezungushia kitambaa, ikatoa mlio kama mchanga kwenye jino, ikasogea kidogo, nikaogopa nikaacha.

Kuhusu oili: naichanganya. Mililita 30 kwa kila lita, ndivyo walivyoniambia gereji, "kama ya boti". Natumia ile ya chupa yenye maandishi TC-W3, nanunua hukohuko kwenu Kirumba.

---

WayaMwekundu (Bukoba)
Jumatatu, saa 2:12 usiku

Nimekosea. CDI yako nzima, weka hela mfukoni.

---

MzeeWaMwaloni (Kirumba)
Jumatatu, saa 3:30 usiku

Umeacha vizuri, koleo lingekuvunjia.

Sasa nikuambie kwa nini imekwama, maana ukiisafisha bila kujua hilo mwezi wa tatu tutaonana tena. DT yako ina tenki dogo la oili na pampu yake yenyewe. Yamaha wanaiita Autolube. Inasukuma oili kufuata mizunguko na jinsi unavyovuta mafuta, hutakiwi kuchanganya chochote kwenye petroli. Mililita 30 kwa lita ni kama 33 kwa 1, hiyo peke yake inatosha injini. Kama pampu inafanya kazi na wewe unachanganya, unailisha mara mbili. Ziada haiungui, inakwenda kwenye ekzosi, inapita juu ya valvu, inapikika pale mpaka inakuwa lami. Buti lako ndilo shahidi.

Hakikisha kwanza pampu inafanya kazi, usije ukaacha kuchanganya halafu kumbe pampu ilishatolewa, hapo utaua hiyo pistoni ya 210,000. Bandika kipande cha gundi ya karatasi kwenye tenki la oili, weka alama ya kalamu. Endelea kuchanganya hivyohivyo kwa tenki moja la petroli. Alama ikishuka, pampu iko hai.

Na oili yenyewe. TC-W3 ni ya mashine ya boti. Mashine ya boti inakunywa maji ya ziwa mchana kutwa, mwili wake haupati joto kama la pikipiki, na inazunguka mbio za wastani saa nyingi. Ya pikipiki inapanda mpaka mizunguko elfu nane, tisa, joto lake ni lingine. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO FC au FD, hizo ni alama za ubora wa oili ya tustroki. FD inasafisha zaidi. Bei iko juu kidogo, lakini kwa kuwa hutachanganya tena, utatumia kidogo.

Kuhusu kuitoa valvu. Toa ekzosi. Hedi usiguse, silinda ibaki palepale. Piga kiki polepole kwa mkono mpaka pistoni ipande ifunike tundu la ekzosi, utaiona kwa tochi, ili masizi yasidondoke ndani. Toa puli, fungua vifuniko vya pembeni. Ile valvu ni vipande viwili vimeunganishwa katikati kwa boliti, kimoja kinatokea kushoto, kingine kulia. Kabla ya kuvivuta, mwagia mafuta ya taa kupitia tundu la ekzosi, lala, asubuhi rudia. Usigonge kwa nyundo. Usikwaruze kwa bisibisi wala msasa, chuma kile ukikichora mistari masizi yanapata pa kushika. Tumia kijiti cha mwanzi au mpini wa mswaki wa zamani.

Ndani kuna oringi na sili. Zikishatoka zimekauka, usizirudishe.

---

NzengoBoda (Igoma)
Jumatatu, saa 3:41 usiku

Usiku mzima mafuta ya taa kwa ajili ya kigogo. Boxer.

---

MtuWaNansio (Ukerewe)
Jumanne, saa 4:20 asubuhi

Mzee samahani, hapo kwenye oili ya boti sikubaliani. Nina AG100 tustroki nimeilisha TC-W3 tangu naipata, huku kisiwani ndiyo oili iliyopo. Haijawahi kunizimia.

---

MzeeWaMwaloni (Kirumba)
Jumanne, saa 7:15 mchana

AG100 yako haina pawa valvu, mdogo wangu. Haina cha kukwamisha. Na hakuna anayepeleka AG100 mizunguko elfu tisa, ile ni ng'ombe wa kulimia. Masizi yapo, yamejificha kwenye ekzosi na kwenye kichwa cha pistoni, na injini yako haina haraka ya kulalamika. Ikianza kuwa nzito, fungua ekzosi uchungulie. Sikusema TC-W3 ni sumu. Nimesema ilitengenezwa kwa kazi nyingine.

---

WayaMwekundu (Bukoba)
Jumanne, saa 8:30 mchana

Niongeze jambo kwa atakayekuja kusoma uzi huu akiwa na dalili kama za dada lakini puli yake inazunguka laini kwa vidole. Hapo ndipo umeme unaingia. Soketi ya mota ina waya mbili nene za kuizungusha na tatu nyembamba zinazoiambia kontroli valvu iko wapi. Zile mbili ziguse kwenye betri sekunde moja tu, mota inatakiwa kuzunguka. Geuza, izunguke upande mwingine. Usishikilie, ikifika mwisho itaungua. Zile tatu pima kwa testa upande wa ohm huku unazungusha puli ya mota taratibu: namba inatakiwa kupanda au kushuka kwa utulivu. Ikirukaruka au kupotea, kihisio cha ndani kimelika.

Kuna na kipimo cha mtaani ambacho hakihitaji testa. Toa waya, fungua valvu mpaka mwisho, ifunge puli kwa waya laini isirudi, uende barabarani. Kama huko juu imefunguka ghafla na chini imelegea, valvu ni nzima, anayeiamuru ndiye mgonjwa.

Na kama pikipiki ilitoka Uingereza, chunguza zaidi. Kule wanaoanza kuendesha wana kikomo cha nguvu kwenye cc 125, sasa hivi ni kilowati 11, kwa hiyo zilikuwa zinauzwa zimefungwa. Nimewahi kukuta valvu iliyozuiwa makusudi na pete nyembamba imechomelewa kwenye shingo ya ekzosi. Mwenye pikipiki alikuwa ameshabadilisha kabureta mbili.

---

BintiWaPampu (Mwanza)
Jumamosi, saa 11:20 jioni

Wakuu nimerudi. Samahani kwa ukimya, nilikuwa Kigongo siku tatu na pampu iliyoliwa fimbo.

Kwanza alama ya oili. Nilijaza tenki la petroli Jumanne, nikabandika gundi. Alhamisi jioni alama ilikuwa imeshuka upana wa vidole viwili. Kwa hiyo mwaka mzima nimeilisha mara mbili, mzee, na kwa hela yangu.

Alhamisi usiku nilitoa ekzosi nikamwaga mafuta ya taa, nikarudia Ijumaa asubuhi na jioni. Leo nimeanza saa moja. Niliweka kidole kwenye shingo ya ekzosi, ndani kuna gome jeusi nene kama sukuma wiki iliyoungua sufuriani. Nikachungulia kwenye silinda: valvu yenyewe sikuiona mpaka nilipokwaruza. Nilidhani ni ukuta wa silinda.

Kipande cha kulia kilitoka chenyewe. Cha kushoto kilinikalisha saa mbili. Nazungusha robo, namwaga, nasubiri, narudisha, naongeza. Kila kikirudi kinatoa unga mweusi unaonata. Kilipotoka kilitoka ghafla, nikaanguka kwenye kigoda. Upande mmoja kimefunikwa na kitu kigumu chenye kung'aa, unene wa shilingi mia, na ndani yake unaona tabaka tabaka. Nilivimenya vyote viwili kwa kijiti cha mwanzi na brashi ya viatu, maji ya sabuni mwishoni, mpaka nikaona rangi ya fedha.

Oringi zilikuwa ngumu, moja ilivunjika kama biskuti. Hapa nilijiona mjanja, maana boksi langu la pampu limejaa oringi za kila kipimo. Nikapata inayoingia sawasawa. Nikaiweka. Halafu nikaitoa, kwa sababu nilikumbuka zile zangu zinakaa kwenye maji ya kisima, na hii inakaa jirani na moto. Nikaenda dukani Makongoro nikaomba ya kuvumilia joto, wakanipa ya Viton, ya kahawia. Mzee nilikosea au nilipatia?

Kufunga: niliwasha swichi mota ikajipanga yenyewe, nikazima, nikalinganisha alama ya puli na kitobo cha kwenye silinda kwa kupitisha ncha ya drili, nikakaza waya mbili huku nikiacha ulegevu kidogo sawasawa. Kuwasha swichi: puli ikaenda mpaka mwisho ikarudi. Nimeiwasha labda mara ishirini, siyo kwa kupima, kwa kuitazama tu.

Jioni hii nimekwenda mpaka Kisesa na kurudi. Ilipofika elfu sita nilizoea kulegeza mkono. Leo sikulegeza. Ikanyamaza nusu sekunde, halafu ikabadilisha sauti, ikawa kama kitu kinachochanika, na mshale ukapita elfu nane kabla sijajua. Boksi la spana lilinivuta mabega. Pale mizani nilikuwa 95 na bado ilikuwa inataka, nikaogopa mimi.

Moshi bado upo, ila umepungua. Tenki lina petroli kavu sasa, na oili ni ya FD.

---

NzengoBoda (Igoma)
Jumamosi, saa 11:34 jioni

95 na boksi? Unaiuza?

---

MzeeWaMwaloni (Kirumba)
Jumamosi, saa 1:05 usiku

Umepatia kwenye oringi. Ile ya maji ya kisima ingeshakuwa kama ya zamani kabla ya Pasaka.

Moshi utaendelea siku kadhaa, ekzosi imenyonya oili ya mwaka mzima na inaitoa taratibu. Ikipita wiki mbili haujaisha, niletee ekzosi peke yake, nina namna ya kuiosha. Na ukipata nafasi uangalie jeti. Ziwa hili liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo, pikipiki iliyotegeshwa kwa ajili ya pwani huku inakula petroli kuliko hewa. Siyo haraka. Endesha kwanza, soma plagi.

Kuna kitu hujakitaja na kimenisumbua tangu nimesoma. Ile boliti ya katikati inayounganisha vipande viwili. Uliiwekea gundi ya nyuzi, ile ya kuzuia boliti isilegee? Maana pale kuna joto na mtetemo, ikilegea kipande kimoja kinacheza, na pistoni inapita milimita chache tu kutoka hapo.

---

BintiWaPampu (Mwanza)
Jumamosi, saa 1:22 usiku

Niliikaza kwa mkono na spana ya L. Gundi sikuweka.

Natoa ekzosi sasa hivi.